Kuponi Hulipiwa na Asiye na Muda

Januari 1996 kampuni ya Procter & Gamble, inayotengeneza sabuni ya Tide, nepi za Pampers na dawa ya meno ya Crest, iliacha kutoa kuponi, yaani karatasi za kumpunguzia mnunuzi bei, katika miji mitatu ya jimbo la New York: Buffalo, Rochester na Syracuse. Hoja yao ilikuwa ya hesabu tupu. Kuponi nyingi huchapishwa, chache hutumika, na kazi ya kuzichapisha, kuzisambaza, kuzikusanya na kuzihesabu inakula fedha ambazo zingeweza kumshushia bei kila mnunuzi. Basi wakasema watafuta karatasi na kushusha bei. Wakazi hawakukubali. Walikusanya saini, waliandamana, walisusia bidhaa, na wanasiasa wa huko wakaitisha vikao vya kuwasikiliza. Aprili 1997 kampuni ilirudi nyuma. Miezi michache baadaye, yenyewe na kampuni nyingine zilizotuhumiwa na mwanasheria mkuu wa jimbo kwamba zilielewana kufuta kuponi kwa pamoja, zilimaliza shauri kwa dola milioni 4.2, na fedha hizo zikawafikia wananchi kwa njia ya kuponi.

Kisa hicho kina uzito wake, kwa kuwa ni nadra kampuni yenyewe kukiri hadharani kwamba kuponi ni njia ya gharama kubwa ya kumpunguzia mtu bei. Wengi wetu tunaoishi Marekani tunaichukulia kuponi kama zawadi, na ndugu walioko nyumbani hututumia video za watu wanaotoka dukani na toroli limefurika kwa dola kumi, wakiuliza kwa nini sisi tunalalamika kwamba chakula ni ghali. Mimi naona kuponi ni chombo cha kuuza bidhaa moja kwa bei mbili. Bei ya chini anaipata mwenye muda, mwenye Kiingereza cha kusoma maandishi madogo, mwenye simu nzuri na nafasi ya kuweka vitu nyumbani. Bei ya juu anaachiwa asiye na hivyo, na familia nyingi zinazozungumza Kiswahili huko Louisville, Columbus, Dallas, Des Moines na Portland ya Maine zimo katika kundi hilo la pili.

Mtambo wenyewe unakwenda hivi. Mtengenezaji wa siriali za kifungua kinywa anatoa karatasi yenye punguzo la dola moja. Mteja anaikata gazetini, anaipeleka dukani, keshia anaipitisha kwenye mashine na kumtolea dola hiyo kwenye hesabu. Duka halipotezi kitu. Linakusanya karatasi hizo na kuzipeleka kwa kampuni za kuzihesabu, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa na maghala yao upande wa pili wa mpaka, Mexico, ambako ujira wa wapangaji ni mdogo. Kisha mtengenezaji analirudishia duka dola yake, pamoja na ada ya kawaida ya senti 8 kwa kila kuponi. Ukisogeza macho chini kabisa ya karatasi utakuta imeandikwa kwamba thamani yake kwa fedha taslimu ni sehemu moja ya mia ya senti. Hayo ni mabaki ya sheria za zamani zilizodai kila stempu ya biashara, yaani vile vikaratasi ambavyo maduka yaliwapa wateja wavibadilishe kwa zawadi, iwe na thamani fulani ya fedha.

Biashara hii ina umri. Coca-Cola ilikuwa ikigawa tiketi za glasi ya bure tangu mwishoni mwa miaka ya 1880. Kilele cha matumizi yake kilikuwa mwaka 1992, zilipotolewa zaidi ya kuponi bilioni 300 nchini Marekani, na zilizofika kwa keshia hazikufika bilioni 8. Yaani kati ya kila kuponi mia, zilizotumika hazikufika tatu. Mtu huuliza: kama ni hivyo, mtengenezaji anang'ang'ania nini? Ashushe bei, yaishe. Jibu ni kwamba hizo tisini na saba zilizotupwa ndizo faida yake. Boksi la siriali likiuzwa dola 5, wapo watakaolinunua kwa dola 5 bila kufikiri, na wapo ambao watalinunua tu likiwa dola 4. Akishusha bei kwa wote, anapoteza dola moja kwa kila mmoja wa wale wa kwanza. Akitoa kuponi, wale wa pili wanajitokeza wenyewe, wanajitambulisha kwa kukata karatasi, na wa kwanza wanaendelea kulipa dola 5 kama kawaida. Wachumi wameliandika jambo hili kwa miongo kadhaa na halina utata mkubwa miongoni mwao.

Sisi tunalijua kwa sura nyingine. Kariakoo, Gikomba au soko la Kadutu kule Bukavu, bei haijaandikwa. Muuzaji anakuangalia viatu, anasikiliza lafudhi yako, halafu anataja bei. Mwenye haraka hulipa alichoambiwa, mwenye kujua bei ya soko hupatana mpaka ikashuka. Maduka makubwa ya Marekani yalijenga jina lao kwa kufuta utaratibu huo na kubandika bei moja kwa tajiri na kwa maskini, na kuponi ikaurudisha kimyakimya. Lakini kuna kitu kilichopotea njiani. Sokoni kuna mtu mbele yako. Mama muuza nyanya anaweza kuona una mtoto mgongoni na mwingine mkononi, akakuongezea mbili juu ya fungu. Kuponi haimwoni mtoto. Inauliza jambo moja tu: je, umeifanya kazi niliyokupa?

Na kazi hiyo si ndogo. Uyapitie matangazo ya wiki ya maduka mawili au matatu, uzitafute kuponi zinazolingana na vilivyoshushwa bei wiki hiyo, usome masharti ya tarehe, ukubwa wa pakiti na idadi ya chini unayotakiwa kununua, uendeshe gari kutoka duka hadi duka. Anayefanya zamu ya usiku kwenye maghala ya vifurushi ya Louisville, anayekata nyama kwenye viwanda vya Iowa, anayehudumia wazee majumbani huko Massachusetts kisha akakimbilia kazi ya pili, akipata saa mbili analala, na ni haki yake. Mwaka 2022 bei ya vyakula vya kupikwa nyumbani Marekani ilipanda kwa asilimia 11.4. Katika mwaka huo huo ushauri uliotolewa kila mahali ulikuwa ule ule: tumieni kuponi. Ushauri huo ulimaanisha kwamba mtu aliyeongezewa bei aongezewe na kazi isiyolipwa ili airudie bei yake ya zamani.

Wapo wanaoitetea kuponi kwa hoja nzito, na haifai kuipuuza. Wanasema huu ni mfumo wa haki kwa sababu tajiri, ambaye saa yake ina thamani kubwa, hatahangaika na karatasi ya senti 50, kwa hiyo ndiye anayelipa bei kamili, na maskini anapata nafuu. Hoja hiyo inamchukulia maskini kama mtu aliyekaa tu nyumbani. Maskini ninaowajua mimi wana zamu. Tena kuponi nyingi zinadai ununue vitu viwili, vitatu au vitano kwa mkupuo, maana yake uwe na fedha za mwezi ujao leo, na uwe na kabati la kuviweka. Familia ya watu wanane kwenye nyumba ya vyumba viwili haina hilo kabati. Anayefaidi zaidi ni mtu wa kipato cha kati mwenye gari, gereji na jioni tulivu, na sina ugomvi naye. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba mfumo uliowekwa kwa ajili yake ni msaada kwa mkimbizi aliyefika mwaka jana.

Nawaelewa hata hivyo watu wa Buffalo. Hawakuwa wajinga walipokataa bei ya chini isiyo na kuponi. Kuponi iko mkononi mwako, ina tarehe, ina kiasi, na keshia huiheshimu. Bei iliyoshushwa rafuni ni ahadi ya kampuni, na kesho inaweza kupanda senti kumi, keshokutwa ishirini, bila mtu kukutaarifu. Duka la nguo la JCPenney lilijifunza hilo kwa uchungu mwaka 2012. Mkurugenzi wake mpya, Ron Johnson, aliyetoka Apple, alifuta kuponi na kuweka bei za kawaida zilizo chini. Mauzo ya mwaka huo yalianguka kwa robo, hasara ikakaribia dola bilioni moja, na Aprili 2013 akaondolewa. Wachambuzi wengi walisema wateja wanapenda kudanganywa. Mimi nasema wateja walikuwa wamezoeshwa kwa miaka mingi kutoiamini bei yoyote iliyoandikwa, na imani haijengwi kwa tangazo moja.

Sasa tuingie jikoni, maana hapa ndipo jambo hili linapotugusa zaidi. Mwaka 2014 jarida la afya ya jamii la CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, lilichapisha uchunguzi wa kuponi 1,056 zilizotolewa mtandaoni na minyororo ya maduka makubwa ya vyakula. Robo yake zilikuwa za vitafunwa vya kiwandani, peremende na vyakula vitamu. Vyakula vilivyopikwa tayari vilikuwa asilimia 14, vinywaji asilimia 12, siriali asilimia 11. Mboga zilipata asilimia 3. Matunda hayakufika hata asilimia 1. Hakuna njama hapo. Kuponi hutolewa na mwenye chapa anayetaka chapa yake ikumbukwe, na mchicha hauna chapa. Mkulima wa maharage hana bajeti ya matangazo. Mwenye faida kubwa kwa kila pakiti ndiye mwenye uwezo wa kutoa dola moja.

Linganisha orodha hiyo na kile kinachopikwa kwetu. Familia ya Kikongo iliyopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu nchini Tanzania au Nakivale nchini Uganda inanunua unga wa mahindi mweupe, unga wa muhogo, mchele, maharage, sombe (kisamvu), lengalenga (mchicha), ndagala (dagaa), mafuta ya mawese na kuku. Mkenya anaongeza sukuma wiki, maziwa mengi na majani ya chai. Mtanzania anatafuta nazi na samaki. Sehemu kubwa ya vitu hivyo hupatikana kwenye duka la Kiafrika, la Kihindi au la Kichina mtaani, ambako kuponi haijulikani kabisa. Kwa hiyo mtu anayeamua kuokoa fedha kwa kuponi anaanza, bila kujua, kuhama kutoka chakula chake na kwenda kwenye chakula chenye kuponi. Pizza ya barafu inaingia, kisha siriali zenye sukari, kisha soda za chupa sita kwa bei ya nne. Risiti inaonyesha ameokoa dola 14, na sufuria ya maharage haijainjikwa wiki nzima. Nimewaona watoto wa jamaa zangu wakikua hivi, na wazazi wao wakipewa dawa za kisukari na presha kabla ya kufika umri wa miaka hamsini. Kuponi ya kitu ambacho hukuwa unakila haijakuokolea chochote.

Haimaanishi tuitupe. Kuna mahali ambapo kuponi ni ya kufuatiliwa kwa bidii, na ajabu ni kwamba mahali hapo si kwenye chakula. Msaada wa serikali wa kununulia chakula, SNAP, ambao wengi wetu bado tunauita fudi stempu, haulipii sabuni, nepi, pedi, dawa ya meno, shampuu wala karatasi za chooni. Mpango wa serikali wa lishe ya mama na mtoto, WIC, nao haulipii nepi. Vitu hivyo vyote vinatoka kwenye fedha taslimu ya familia, na ndivyo vinavyoibana zaidi mwisho wa mwezi. Lakini ndivyo pia vyenye kuponi nyingi na kubwa, kwa sababu watengenezaji wake wanagombania mteja wa kudumu: mama akizoea aina moja ya nepi hataibadilisha upesi. Zaidi ya hayo haviozi. Kama ni lazima utenge nusu saa kwa wiki kwa ajili ya kuponi, itenge kwa ajili ya nepi na sabuni ya kufulia, na uache mambo ya biskuti.

Hata hapo, angalia lebo ndogo ya rafuni inayoonyesha bei kwa kila aunsi au kwa kila kipande. Sabuni ya jina kubwa ya dola 7 yenye kuponi ya dola 2 bado ni dola 5, na ile ya chapa ya duka, ujazo ule ule, inaweza kuwa dola 4 bila karatasi yoyote. Hesabu hiyo inachukua sekunde chache na inashinda kuponi mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri. Mwenye kadi ya SNAP asikubali kuambiwa kwamba yeye haruhusiwi kutumia kuponi: kanuni za serikali kuu zinalitaka duka limtendee sawasawa na mteja mwingine. Na yule anayekuuzia kuponi za ajabu kwenye makundi ya Facebook au Telegram, za kukupa bidhaa karibu bure, mkimbie. Mwaka 2021 mwanamke wa Virginia Beach alihukumiwa kifungo cha miaka 12 kwa kutengeneza kuponi bandia zilizosababisha hasara ya zaidi ya dola milioni 31. Wanunuzi wake walikuwa watu waliotaka tu kupunguza gharama za nyumbani.

Ushahidi mzuri zaidi wa ninachokisema ni Aldi. Duka hilo la Kijerumani liliingia Marekani mwaka 1976, kupitia Iowa, na leo lina maduka zaidi ya 2,000. Halipokei kuponi za watengenezaji. Karibu kila kilichomo ni chapa yake lenyewe, maboksi yamepangwa kama yalivyofika, toroli unaifungua kwa sarafu ya robo dola, na bei ni ile iliyoandikwa. Familia nyingi za Kiafrika hununua huko mayai, maziwa, mafuta, sukari na unga wa ngano, na hazihitaji programu ya simu wala mkasi. Yaani mojawapo ya maduka ya bei nafuu kabisa nchini ndilo lililoamua kwamba kuponi ni gharama isiyo na faida kwa mteja wake. Procter & Gamble walisema jambo hilo hilo mwaka 1996. Tofauti ni kwamba Aldi hawakuwa na haja ya kuaminiwa upya. Bei zao zilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza.

Siku hizi mkasi umebaki kwa wachache, na hali imekuwa ngumu zaidi badala ya kuwa rahisi. Rafuni kuna kibandiko chenye bei ya kuvutia kwa tarakimu kubwa, na chini yake, kwa herufi ndogo, maelezo kwamba bei hiyo ni ya mwenye kuponi ya kidijitali. Ili uipate lazima uwe na akaunti ya duka, programu yake iwe kwenye simu yako, uitafute kuponi hiyo humo ndani, uibonyeze iingie kwenye akaunti, kisha uandike namba yako ya simu kwa keshia. Hatua moja ikikosekana, unalipa bei kamili. Mama aliyefika kutoka kambini juzijuzi anaiona ile namba kubwa, anatia kuku kwenye toroli, akifika mbele anasikia bei nyingine. Nyuma yake kuna foleni. Hana maneno ya kuuliza. Analipa, na njia nzima anarudi akidhani kosa ni lake. Mzee wa Kimarekani asiye na simu janja anapatwa na jambo lile lile, na mashirika ya kutetea wateja yamepigania wazee hao kwa miaka kadhaa. Mwaka 2025 Baraza la Jiji la San Diego lilipitisha sheria ndogo inayoyataka maduka ya vyakula yanayotangaza bei za kuponi za kidijitali yatoe pia kuponi za karatasi kwa wasioweza kutumia simu. Ningetaka kila mji wenye wageni wengi uige, na uongeze sharti moja: bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa rafuni iwe ndiyo bei ya kila mtu anayefika kwa keshia.

Kuna malipo mengine katika kuponi ya simu, na haya hayaonekani kwenye risiti. Kila unaponunua kwa namba yako, duka linajua umenunua nini, lini, mara ngapi. Kroger, mmiliki mkubwa wa supamaketi, ina kampuni yake ya data huko Cincinnati iitwayo 84.51°, na kazi yake ni kuchambua manunuzi hayo. Kwa njia hiyo kuponi zinaweza kupangwa mtu kwa mtu: anayenunua nepi bila kusita hahitaji kushawishiwa, na anayesitasita anatumiwa dola mbili. Ile kazi ya muuzaji wa sokoni ya kukuangalia viatu imerudi, ila safari hii yeye anakuona na wewe humwoni.

Wasomaji wa Nairobi wasidhani haya ni ya mbali. Bei za wanachama na pointi za kadi zimeshazoeleka kwenye supamaketi za Kenya, na Nakumatt, iliyokuwa kampuni kubwa ya supamaketi nchini humo, ilipoporomoka, pointi zilizokuwa kwenye kadi za wateja ziliporomoka nayo. Na punguzo la duka kubwa lazima litoke mfukoni mwa mtu. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza kampuni inayoendesha maduka ya Carrefour nchini humo faini ya zaidi ya shilingi bilioni 1.1 kwa kutumia vibaya nguvu yake dhidi ya wauzaji wawili wanaoiletea bidhaa, makato ya ribeti, yaani fedha ambazo muuzaji hulirudishia duka, yakiwa sehemu ya malalamiko. Anayefurahia ofa afikirie pia aliyeitoa.

Turudi Rochester, kwa sababu mji huo una kuponi nyingine katika historia yake, na ndiyo ninayoiheshimu. Mei 1939 serikali ya Marekani ilianzisha hapo mpango wa kwanza wa stempu za chakula. Mtu wa kipato kidogo alinunua stempu za rangi ya chungwa kwa kiasi alichozoea kutumia kwa chakula, na kwa kila dola moja akapewa bure stempu za buluu za senti 50, za kununulia mazao yaliyokuwa yamejaa ghalani huku watu wakilala njaa. Mpango ulisimama mwaka 1943, ukarudi kwa sheria ya 1964, na kwa miongo kadhaa vile vitabu vya karatasi viliitwa rasmi kuponi, mpaka kadi zilipochukua nafasi yake yote mwaka 2004. Mwaka 2008 ukapewa jina la SNAP. Ile ilikuwa kuponi inayomtazama mtu na mahitaji yake. Ilimuuliza una watu wangapi nyumbani na unapata kiasi gani. Nayo ina urasimu wake, fomu zake na foleni zake, lakini kipimo chake ni njaa, wala hakihusiani na muda wa ziada.

Ndiyo maana sheria iliyotiwa saini Julai 2025 inauma. Imewaondoa kwenye SNAP wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao bado hawajapata ukaazi wa kudumu, watu ambao serikali hiyo hiyo iliwapokea kisheria. Familia za Kikongo zilizofika karibuni zimo humo. Waliokuwa na kadi ya chakula sasa wanaingia dukani na mshahara wa mwanzo tu, kwenye zile rafu zenye bei mbili. Kuwaambia watu hao watafute kuponi za siriali si jibu, na viongozi wa jumuiya zetu wasikubali kulipokea kama jibu. Walio na haki ya kuomba ukaazi wa kudumu, na mkimbizi huwa nayo baada ya mwaka mmoja nchini, wasaidiwe kuomba mapema, kwa kuwa ukaazi ndio sasa unaofungua mlango wa SNAP.

Wakati huo WIC haiulizi hati za uhamiaji. Mama mjamzito, anayenyonyesha, na mtoto wa chini ya miaka mitano wanaweza kuomba wakiwa ndani ya kiwango cha kipato. Tangu 1992 kuna mpango wa serikali kuu unaowapa walio kwenye WIC kuponi za soko la wakulima, za kununulia mboga na matunda mabichi. Kiasi chake ni kidogo, kati ya dola 10 na 30 kwa mtu kwa msimu kutoka serikali kuu, na si kila eneo linashiriki, lakini kinanunua hasa kile tunachopika: nyanya, vitunguu, sukuma wiki, maboga, na katika masoko mengine hata lengalenga zinazolimwa na wakimbizi wenzetu. Kwa wenye SNAP kuna Double Up Food Bucks, iliyoanzia Detroit mwaka 2009: kwa dola unayotumia kwenye mboga na matunda unapewa dola nyingine ya mboga na matunda, hadi kiwango kilichowekwa kwa siku. Tangu 2014 serikali kuu hufadhili mipango ya aina hii, na majimbo mengi yanayo kwa majina tofauti. Kwenye masoko mengi ya wakulima kuna meza ya taarifa karibu na mlango. Hapo hupitishwa kadi na kutolewa tokeni za kuwalipa wakulima. Makanisa na misikiti yetu yenye magari ya kubeba waumini yapange safari moja ya Jumamosi kwenda huko msimu ukifunguliwa, na awepo mtu mmoja wa kutafsiri kwenye meza hiyo.